Trekta langu lina ubapa wa theluji. Mbona njia yetu ya Kibosho inazidi kuharibika?

"Shikamoo mtaalamu. Nyumbani ni Kibosho, Moshi. Njia ya kutoka barabara kubwa hadi kwa mama ina urefu wa mita 180 na upana wa mita 3, na katikati kuna kipande chenye mteremko mkali. Masika yakianza gari halipandi, na mwaka jana mama alipougua usiku tulimbeba kwa kitanda hadi barabarani. Baada ya hapo nilinunua trekta dogo lililotumika kutoka Japani, la nguvu za farasi 22, ambalo mbele lina ubapa wa kusukumia theluji. Nilikuwa nimeona kwenye video jinsi watu wa nchi za baridi wanavyosafisha njia za majumbani mwao kwa dakika chache, nikaona na mimi nitasukuma matope vivyo hivyo. Kila mvua ilipokatika niliingia kazini. Wiki mbili za kwanza njia ilipendeza, lakini kufikia Mei ilikuwa imezama chini ya usawa wa kihamba (shamba letu la migomba na kahawa), maji yakipita katikati kama mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia), na trekta lenyewe lilinasa mara tatu. Fundi anasema trekta ni jepesi, ninunue kubwa zaidi. Jirani anasema nimwage moramu yaishe. Je, kosa ni la trekta, la ubapa, au ni langu?"

Marahaba, na pole sana kwa yaliyowapata. Kumbeba mzazi mgonjwa kwa kitanda gizani, miguu ikiteleza, ni jambo ambalo familia nyingi za miteremko ya Kilimanjaro na Meru zinalifahamu, na ndiyo maana nimelipa swali lako nafasi yote ya leo. Unataka kujua kwa nini kazi uliyoifanya kwa bidii, tena kwa chombo kilichoundwa kwa ajili ya kusafisha njia, imeiacha njia ikiwa mbaya kuliko ulivyoikuta. Jibu fupi ni kwamba trekta lako halina kosa, ubapa una kasoro kadhaa kwa kazi hii, na tatizo kubwa liko kwenye wazo lililokuongoza, kwamba matope ni uchafu uliolala juu ya barabara na ukiuondoa utaikuta barabara chini yake. Hata mimi niliwahi kuliamini wazo hilo, na nitakueleza lilinigharimu nini.

Tuanze na theluji, kwa kuwa ndiyo iliyokupa mfano. Theluji ni mgeni juu ya barabara. Inashuka kutoka angani na kutua juu ya lami, zege au changarawe iliyoganda kwa baridi, na barabara inabaki palepale chini yake. Theluji mpya iliyotua kwa utulivu ni nyepesi mno, kwa sababu sehemu yake kubwa ni hewa. Mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 100 tu, ingawa ikilowa au ikishindiliwa na upepo hufika kilo 300 au 400. Ndiyo maana trekta dogo linaisukuma kwa mwendo wa haraka na theluji inajiviringisha mbele ya ubapa kama mkeka. Hata hivyo, wenye njia za changarawe huko huogopa sana kukwangua, na wengine huiacha theluji ya kwanza ya msimu ishindiliwe na kuganda juu ya changarawe ili ubapa uteleze juu ya barafu hiyo bila kugusa mawe. Nenda ukaangalie nyuma ya makali ya ubapa wako. Huenda ukakuta sahani mbili za chuma, kila moja na ukubwa unaokaribia sahani ya kikombe cha chai, zikiwa na vishina vya kupandishia na kushushia. Hivyo ndivyo viatu vya ubapa, na kazi yake ni kuyaweka makali juu kidogo ya ardhi. Aliyelimiliki trekta hilo kabla yako alikuwa anailinda njia yake isikwanguliwe.

Matope ya Kibosho hayakushuka kutoka angani. Ni barabara yenyewe iliyolowa. Chukua kalamu tupige hesabu: njia ya mita 180 kwa 3 ina eneo la mita za mraba 540, na tabaka la sentimita 10 juu ya eneo hilo ni mita za ujazo 54. Zingekuwa za theluji mpya, uzito wake ungekuwa kama tani 5 na nusu. Zikiwa za udongo uliolowa, ambao mita moja ya ujazo ina kilo 1,700 hivi, ni zaidi ya tani 90. Kila ulipoingia kazini mvua ilipokatika, ulikuwa unahamisha sehemu ya tani hizo kutoka katikati kwenda kingoni, na ulipofikia udongo ulioonekana kuwa mgumu ukadhani umeipata barabara. Ulikuwa umefika kwenye tabaka linalofuata, ambalo nalo lilikuwa linasubiri mvua ya kesho yake ili liwe tope.

Inasaidia kuelewa kinachotokea ndani ya udongo wenyewe. Udongo hubeba gari kwa sababu punje zake zinabanana na kusuguana. Unyevu kidogo huzisaidia kushikana, lakini maji yakijaza nafasi zote kati ya punje, uzito wa gurudumu unabebwa na maji badala ya punje, na msuguano unapotea. Gurudumu likiendelea kupita hapo linaukanda udongo kama unga wa chapati, linaziba matundu ambayo maji yangezamia, na maji yanabaki juu. Udongo wetu wenye asili ya majivu ya volkano, ambao migomba na kahawa zinaupenda, una uwezo wa kushika maji mengi sana huku ukionekana bado ni mgumu, kisha ukikandwa unalegea ghafla. Bila shaka umewahi kuona mahali palipobeba gari la kwanza na la pili, na la tatu likazama hadi ekseli. Trekta lako, kwa kwenda na kurudi mara tano au sita juu ya kipande kilekile mvua ikiwa imekatika saa moja tu iliyopita, ndilo lililokuwa likikanda.

Kisha kuna yale matuta mawili ya pembeni. Katika nchi za baridi tuta la theluji kando ya njia huyeyuka majira ya kuchipua na kutoweka, ingawa hata wao hulalamika kwamba linapoyeyuka maji yake hurudi barabarani. Tuta lako la udongo halitoweki. Linakauka, linaota nyasi, linakuwa ukuta, na masika yanayofuata maji yanakuta yametengenezewa mfereji wenye kuta mbili na sakafu laini. Mvua moja ya milimita 50, ambayo si ajabu huko juu mwezi Aprili, inashusha lita 27,000 juu ya njia yako peke yake, kabla hujahesabu maji ya paa, ya uwanja na ya jirani wa juu. Maji hayo yakikosa pa kutokea hukimbia urefu wote wa mita 180, yakiongeza kasi kadiri yanavyoshuka, na kasi ikiongezeka maradufu nguvu ya maji ya kubeba mchanga na mawe huongezeka mara nyingi zaidi ya hapo. Ukipita Machame, Uru au Old Moshi utaziona njia za zamani zilizozama kati ya vihamba hadi kiunoni. Nyingi zilichimbwa na miguu, magurudumu na maji kwa miaka mingi. Wewe ulifanya sehemu ya kazi hiyo kwa masika mamoja.

Nilisema niliwahi kuliamini wazo hilo. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa kwenye shamba moja la kahawa chini ya Mlima Meru, nikakabidhiwa trekta lenye ubapa wa nyuma na jukumu la kuhakikisha magari ya kahawa yanapita. Nilikwangua kila mvua ilipokatika, na nilijivunia jinsi njia ilivyoonekana safi jioni. Msimu wa pili, mzee mmoja aliyekuwa msimamizi wa zamani wa shamba hilo alinisimamisha, akaweka fimbo yake juu ya ukingo wa shamba, akailaza sawasawa kuelekea katikati ya njia, na chini ya fimbo palikuwa na kimo cha goti langu. Hakunikemea. Aliniuliza tu udongo ule wote niliupeleka wapi. Tulikodi tipa na vibarua kwa wiki kadhaa kuurudisha, na mengine yote ninayokuandikia hapa nilianza kujifunza siku hiyo.

Sasa ushauri wa fundi wako, ambao una ukweli nusu. Nguvu ya trekta ya kusukuma hutegemea injini, lakini kikomo chake kiko pale tairi linaposhika ardhi. Tuseme trekta lako lina kilo 900. Kwenye ardhi ngumu na kavu, likivuta kwa magurudumu yote manne, linaweza kusukuma kwa nguvu inayokaribia nusu ya uzito huo. Kwenye tope la utelezi linapata robo, yaani kama kilo 225, na mara nyingi chini ya hapo. Kwenye mteremko wa asilimia 15, kulipandisha trekta lenyewe kunadai 135 kati ya hizo, kwa hiyo zinabaki kilo 90 za kusukuma tope, na ubapa ukijaa nusu tu tairi linaanza kuzunguka mahali pamoja na kuchimba. Injini ya nguvu za farasi 22 ilikutosha muda wote. Trekta la tani mbili na nusu lingepata mshiko zaidi, lakini lingekanda udongo kwa kina kikubwa zaidi, na lingekufikisha Mei kwenye shimo lilelile mapema. Usinunue trekta jingine. Ukitaka kuongeza mshiko kwa ajili ya kazi ya kiangazi, jaza matairi ya nyuma maji hadi robo tatu, kama wakulima wengi wanavyofanya, na hakikisha meno ya matairi hayajaisha.

Ubapa nao niuseme wazi. Bapa nyingi za theluji zina springi kubwa mgongoni zinazouruhusu ubapa kulala mbele makali yanapogonga jiwe au ukingo uliofichika, kisha kusimama tena. Kwenye udongo wenye mizizi na mawe springi hizo zitafanya kazi kila baada ya hatua chache, na najua kishawishi cha kuzifunga kwa waya au kuzichomelea. Usifanye hivyo, kwa sababu pigo ambalo springi ingelimeza litakwenda moja kwa moja kwenye fremu na ekseli ya mbele, na kwenye matrekta madogo ekseli ya mbele ndiyo sehemu dhaifu, hasa ubapa unapokuwa umegeuzwa upande mmoja. Kwa kukata na kusawazisha udongo unahitaji ubapa wa nyuma unaoning'inia kwenye ile mikono mitatu ya haidroliki, mzito kuliko huo, wenye upana unaofunika nyayo za matairi hata ukiwa umegeuzwa kama nyuzi 30. Huvutwa trekta likienda mbele. Watu huupigisha rivasi na kusukumia lundo, wakapinda mikono ya trekta siku ya kwanza. Ule wa mbele usiutupe: ukiacha viatu vyake mahali pake, ni mzuri kwa kutandaza malundo ya moramu tipa ikishamwaga.

Jirani yako anasema umwage moramu yaishe, na mimi naitaka hiyo moramu, ila mwishoni. Tabaka la sentimita 10 lililoshindiliwa ni mita za ujazo 54, na kwa kuwa moramu hupungua inaposhindiliwa utahitaji kama 70 ikiwa bado imelegea, yaani safari 14 za tipa ya mita 5. Ukiimwaga ndani ya njia iliyozama, sehemu yake itazama kwenye tope na sehemu itateremka na maji hadi barabara kubwa. Chagua pia kwa macho: moramu nzuri ina mawe madogo, mchanga na udongo wa kuyashikisha. Zile kokoto nyekundu nyepesi za volkano zinazouzwa sana upande wa Arusha zinapitisha maji vizuri, lakini zikiwa peke yake hazishikani, zinaviringika chini ya gurudumu, kwa hiyo zichanganywe na udongo wenye mfinyanzi kidogo.

Kazi yenyewe inaanza Januari, vuli ikiwa imekwisha, na iwe imekamilika kabla ya katikati ya Machi. Wakati wa mvua trekta likae bandani. Jambo la kwanza ni kuyapa maji pa kutokea, na hapa pana ugumu ambao sitaki kuuficha: njia ikishazama chini ya kihamba, hakuna ubapa utakaoyatoa maji nje, kwa sababu nje kuko juu. Ama uijaze njia, ama utoboe kingo mahali ardhi ya pembeni inaposhuka. Trekta dogo lenye ubapa linasukuma na kuvuta, haliinui, kwa hiyo sehemu hii ni ya koleo, sururu na toroli, au kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, cha kukodi kwa siku moja ikiwa kinaweza kufika bila kuvunja migomba. Anza kwa kuurudisha udongo wa yale matuta. Huo ni mali yako, ni barabara yako iliyohamia pembeni. Ondoa mizizi na majani, kisha uuvute katikati kidogo kidogo.

Unyevu wa udongo siku hiyo ndio utakaoamua kama kazi itadumu. Chota udongo ujae kiganja, uufumbate kwa nguvu, kisha fumbua. Maji yakichuruzika kati ya vidole au mkono ukibaki umepakaa tope, rudi nyumbani usubiri. Donge likisambaratika lenyewe mara tu unapofumbua, ni kavu mno, utachonga vumbi litakalobebwa na upepo na mvua ya kwanza. Mwagia maji jioni, ufanye kazi asubuhi. Donge likisimama, na ukiliachia kutoka usawa wa kiuno likavunjika vipande vichache vikubwa, washa trekta siku hiyo hiyo. Tandaza tabaka lisilozidi sentimita 15, shindilia, kisha tabaka jingine. Kama huna mashine ya kushindilia, pitisha gari lililobeba mzigo, kila safari ukiyasogeza magurudumu upana wa tairi moja, hadi nyayo zisionekane tena. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato ninayoweza kukupa kwa dhati.

Ukichonga, iache njia na mgongo. Maana yake ni kwamba katikati pawe juu kuliko kingo, ili tone la mvua litoke pembeni baada ya kusafiri mita moja na nusu badala ya mita 180. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1.5, uulaze kutoka katikati hadi ukingoni, weka pima maji juu yake, uinue ncha ya ukingoni hadi kiputo kikae katikati. Nafasi kati ya ncha hiyo na ardhi iwe sentimita 7 hadi 9. Pima kila baada ya hatua kumi, maana jicho hudanganya, hasa kwenye mteremko. Mtaro wa pembeni uwe mpana na wa mviringo, chini ya ukingo wa njia kwa sentimita 30 hivi, na ukoka ukiota ndani yake uufyeke tu, usiukwangue, kwa sababu mizizi yake ndiyo inayoushika udongo maji yanapopita kwa kasi.

Mtaro mrefu nao hugeuka korongo, kwa hiyo maji lazima yatolewe mara kwa mara. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 tengeneza kifereji cha kukata njia kila baada ya mita 25 hivi, na kwenye asilimia 15 kila baada ya mita 18. Kifereji hicho kiwe cha mshazari, bonde pana lenye kijituta upande wa chini, ambalo gari dogo linalipita polepole bila kugonga tumbo, na mdomo wake utandikwe mawe ili maji yakitua yasichimbe. Yaelekeze kwenye migomba, ambayo itayafurahia. Lakini zungumza kwanza na mwenye kihamba cha jirani, nawe fika kwa heshima kabla ya kuchimba, kwa sababu maji yaliyoelekezwa kwa mtu bila ridhaa huvuruga ujirani wa miaka. Usisukume udongo juu ya masale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka. Ukiyafukia umefuta mpaka ambao wazee waliupanda kwa mikono yao. Na kama kuna mfongo unaopita karibu, maji ya barabara yasiingie humo hata kidogo, kwa kuwa tope lako litaziba maji ya watu wote walio chini.

Kipande chenye mteremko mkali, ambacho hukuniambia urefu wake, sidhani kama moramu itakaa hapo hata ukifanya yote haya. Kwangu mimi fedha iliyotengwa kwa trekta kubwa ingekwenda hapo. Njia mbili za zege, moja kwa kila upande wa magurudumu, zenye upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 15, kwa mita 40 zinahitaji kama mita za ujazo 7 za zege, na uso wake ukwaruzwe kwa ufagio mgumu kabla haujakauka ili tairi lishike. Mawe ya kupanga ni nafuu zaidi mahali ambapo mlima umejaa mawe, ila yanataka fundi mwenye subira wa kuyasimamisha na kuyabana, sio kuyalaza kama sahani.

Naomba aya hii uisome mara mbili. Umesema trekta lilinasa mara tatu, na najua desturi ya kufunga gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili yajikwamue. Magurudumu yakizuiwa na gogo wakati injini inayalazimisha, kinachozunguka ni trekta lenyewe: pua inainuka na trekta linamwangukia dereva kinyumenyume, kwa muda usiofika sekunde mbili, ambao hautoshi mtu kukanyaga klachi. Trekta likinasa, zima, chimba mbele ya magurudumu, tandika mawe au matawi, au livutwe na gari jingine kwa mnyororo uliofungwa chini kwenye sehemu yake ya kuvutia, watu wakiwa mbali. Kama trekta lina chuma cha kinga juu ya kiti, kiwe kimesimama na mkanda umefungwa. Kama halina, kiwekwe kabla hujaligusa tena kwenye mteremko ule. Panda na kushuka ukiwa umenyooka, usikate mteremko kwa ubavu, ubapa uwe karibu na ardhi kila unapohama, na asipakiwe mtoto wala mtu mwingine yeyote.

Yapo mambo ambayo yanahitaji mtu afike hapo kwa miguu yake. Ukiona ufa au rangi iliyobanduka kwenye fremu inayoshika ubapa wa mbele, au mafuta kwenye ekseli ya mbele, liangaliwe na fundi wa matrekta kabla ya kazi nyingine. Hapa Arusha wapo pia CAMARTEC, ambao shughuli yao ni zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, na wanaweza kukushauri juu ya ubapa wa nyuma unaolingana na trekta lako. Pale njia yako inapoungana na barabara kubwa, mtaro wa barabara hiyo si wako kuuziba wala kuukata. Kama barabara iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, pitia kwa mtendaji wa kijiji ufike kwa mhandisi wao wa wilaya, na umuulize ukubwa wa kalavati la kuweka hapo, kwa sababu kalavati dogo huziba na kumwaga maji yote barabarani. Ukingo uliozama zaidi ya mita moja karibu na nyumba, au wenye ufa juu yake, usiuchimbe kabla mhandisi hajauona. Na kama mfongo unakatiza njia, wazee wanaousimamia waitwe siku ya kwanza, kabla ya koleo la kwanza.

Ikiwa masika yatakukuta hujamaliza, chagua mambo mawili tu. Toboa matuta kila baada ya mita 20 au 25, mahali ardhi ya pembeni inaposhuka, ili maji yaliyofungiwa yatoke, kazi ambayo vibarua wawili wenye majembe wanaimaliza kwa siku chache, na tandika mawe kwenye nyayo za magurudumu za kile kipande cha mteremko. Mvua ikinyesha gari libaki barabara kubwa hadi njia ikauke. Upande mmoja wa njia, juu ya mtaro, acheni kijia cha miguu chenye upana wa mita moja, kilichomwagwa changarawe na kisichopitwa na gurudumu lolote, ili ikitokea dharura usiku watu wanne waweze kumshusha mama bila kuteleza. Nifikishie salamu zangu kwake.